Je, Wajua kwa Nini Barua Pepe ya Seva Yako Mwenyewe Huishia Kwenye Taka?

Kuweka seva ya barua pepe juu ya Linux si muujiza. Mtu aliyezoea amri za kompyuta anaweza kukaa kitako hapa Mombasa baada ya swala ya isha, akasakinisha Postfix ya kutuma na kupokea barua, Dovecot ya kuwafungulia watu vikasha vyao na cheti cha bure cha Let's Encrypt cha kuyafunga mazungumzo ya seva yasisomwe njiani, kisha akalala akiwa amekwisha kutuma barua yake ya kwanza. Ajabu huja asubuhi. Kumbukumbu za seva zinasema barua imepokelewa, hakuna kosa lolote lililoandikwa, lakini aliyetumiwa anaapa kwamba hajaona kitu, mpaka afungue folda ya taka na kuikuta imelala huko pamoja na matangazo ya bahati nasibu.

Ndivyo ilivyotokea nilipoijengea seva ofisi moja ndogo ya uwakala wa forodha hapa mjini. Wateja wake wako Kampala na Kigali, na barua kwao si jambo la mzaha, kwa sababu hati ya shehena ikichelewa kumfikia mwenye mzigo, kontena hubaki bandarini na gharama za kulihifadhi huhesabiwa kwa siku. Ilinibidi nieleze, kwa lugha inayoeleweka na mtu wa mizigo, kwa nini seva isiyo na kasoro haiaminiki.

Chanzo chake ni cha zamani. Ray Tomlinson alipotuma barua ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia mtandao mwaka 1971, na hata Jon Postel alipoandika itifaki ya SMTP, yaani kanuni ambazo seva hufuata kupelekeana barua, katika waraka wa Agosti 1982, kompyuta zilizounganishwa zilikuwa chache na waliozitumia walijuana. Itifaki hiyo haikumuuliza mtumaji uthibitisho wowote wa jina lake. Seva inayobisha hodi hujitaja jina, hutaja barua inatoka kwa nani na inakwenda kwa nani, kisha humimina maneno yake, na yote hayo hupokewa kwa neno lake tu. Hata hivyo dalili zilikuwapo mapema, kwani tangazo la kwanza la biashara lililotumwa kwa watu mamia bila kuombwa, la Gary Thuerk wa kampuni ya DEC, lilitoka Mei 1978, kabla SMTP haijaandikwa.

Anayepokea barua zake kwa sanduku la posta anaweza kuielewa hali hii mara moja. Karani wa posta anayepanga barua za Mombasa 80100 hutazama namba ya sanduku la mwandikiwa; mgongoni mwa bahasha mtumaji anaweza kuandika jina la yeyote, na ndani ya bahasha anaweza kuweka karatasi yenye nembo ya mtu mwingine kabisa. Barua pepe nayo ina bahasha na karatasi. Anwani ya mtumaji inayotajwa seva zinapozungumza ni ile ya bahasha, ilhali jina analoliona msomaji kwenye skrini limo katika karatasi ya ndani, na SMTP haikuweka sharti kwamba majina hayo mawili yafanane. Karibu kila rekodi tunayolazimika kuiandika leo katika DNS (daftari la mtandao linalolinganisha majina na namba) ya kikoa chetu, yaani jina linalofuata alama ya @, ni kiraka juu ya tundu hilo moja.

Lakini kabla ya viraka kuna sura. Seva kubwa inapobishiwa hodi kwenye mlango namba 25, kitu cha kwanza inachokiona, hata kabla ya salamu, ni anwani ya IP ya anayebisha, yaani namba yake mtandaoni, na hiyo haighushiki kwa urahisi kwa sababu majibu lazima yamrudie mwenyewe. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka bila kujua. Intaneti ya nyumbani au ya ofisi ndogo aghalabu huwa na anwani inayobadilika, na kwa kuwa anwani za IPv4, zile za mtindo wa zamani, zimeadimika, watoa huduma wengi huwachangisha wateja kadhaa anwani moja, jambo ambalo linaifanya seva iliyo chumbani kwako isifikiwe kabisa kutoka nje. Tena shirika la Spamhaus, linalopambana na barua taka, hutunza orodha ya anwani za aina hiyo, iitwayo PBL, si kwa kuwa wenyewe wametenda kosa, bali kwa kuwa hazikutarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Kompyuta ya nyumbani inayotuma barua kupitia mlango 25 mara nyingi ni kompyuta iliyoingiliwa na kirusi, na seva inayopokea haina njia ya kukutofautisha wewe na kirusi.

Kwa hiyo mtu hukodi seva pepe kwenye kituo cha data, kiwe Nairobi au Ulaya, akidhani ameokoka. Sivyo. Baadhi ya wakodishaji hufunga mlango 25 wa kutokea kwa mteja mpya mpaka aombe ufunguliwe, na anwani unayopewa huenda jana ilikuwa mikononi mwa mtu aliyeitumia kusambaza takataka. Majirani nao wanahesabiwa, kwani samaki mmoja akioza wengine hunuka pia, na baadhi ya orodha huzuia kundi zima la anwani zinazofuatana badala ya kumtafuta mkosaji mmoja. Kwa maoni yangu, dakika kumi za kuichunguza anwani hiyo katika orodha za kuzuia kabla ya kusakinisha chochote zina faida kuliko saa kumi za kurekebisha mipangilio baadaye.

Anwani hiyo inahitaji pia jina linalorudi nyuma, yaani rekodi ya PTR. DNS ya kawaida hujibu swali la jina hili lina namba gani. PTR hujibu namba hii ina jina gani. Wengi huitafuta kwenye kurasa walikonunulia kikoa chao cha co.ke wasiione, na hawawezi kuiona huko, kwa sababu namba si mali yao bali ni ya aliyewakodishia, na ni yeye pekee anayeweza kuiandika au kuwapa ukurasa wa kuiandikia. Jina ambalo seva yako hujitaja inapobisha hodi, namba ambayo jina hilo linaelekeza, na jina ambalo namba hiyo inarudisha, vyote vinapaswa kukubaliana. Katika ofisi ile niliyoitaja, PTR ilikuwa bado inalo jina refu la mkodishaji lililojaa tarakimu, na hilo peke yake lilitosha kuwatilia shaka wapokeaji wawili wakubwa.

Sasa viraka vyenyewe. SPF ni mstari mmoja wa maandishi katika DNS unaoorodhesha seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa chako; kwa ofisi ndogo yenye seva moja, v=spf1 mx -all inatosha, maana yake seva ileile inayopokea barua zetu ndiyo inayotuma, na mwingine yeyote akataliwe. Kasoro yake ni kwamba huangalia anwani ya bahasha tu, na kwamba barua inapoelekezwa upya kutoka kikasha kimoja hadi kingine, namba inayobisha hodi huwa ni ya msafirishaji wa katikati, na SPF hufeli ingawa hakuna aliyedanganya.

DKIM ni tofauti, na ndiyo ninayoipenda zaidi kwa sababu inafanya kazi ambayo muhuri wa lakiri ulikuwa ukiifanya. Seva yako ina ufunguo wa siri. Kila barua inapotoka hutiwa sahihi ya kidijitali inayofunika mwili wa barua pamoja na vichwa vilivyochaguliwa, yaani mistari ya utambulisho iliyo juu ya barua, likiwamo jina la mtumaji analoliona msomaji. Ufunguo wa pili, ulio wazi, huwekwa katika DNS ili seva yoyote duniani iweze kuihakiki sahihi hiyo. Barua ikipita mikono mitano bila kuguswa, sahihi husimama. Ikibadilishwa herufi moja ya maana njiani, sahihi huvunjika. Mtego wake kwa anayeanza ni wa kipuuzi kiasi cha kuudhi: kipande kimoja cha maandishi katika rekodi ya DNS hakiwezi kuzidi herufi 255, na ufunguo wa biti 2048 ni mrefu kuliko hapo, kwa hiyo ni lazima ukatwe vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu. Baadhi ya kurasa za usimamizi hukukatia zenyewe, na nyingine humeza nusu ya ufunguo kimyakimya, ukabaki unajiuliza kwa nini sahihi iliyo sahihi inakataliwa.

DMARC, iliyoandikwa rasmi mwaka 2015, ndiyo inayofunga bahasha na karatasi pamoja. Hudai kwamba kikoa kilichothibitishwa na SPF au DKIM kilingane na kile anachokiona msomaji, na humwambia mpokeaji afanye nini visipolingana: p=none aache ipite, p=quarantine aiweke kwenye taka, p=reject aikatae mlangoni. Ni busara kuanza na ile ya kwanza na kusoma taarifa ambazo wapokeaji hukutumia, kwa maana ndani yake unaweza kugundua kwamba programu ya ankara ya mhasibu wenu nayo imekuwa ikituma kwa jina la kikoa bila wewe kuikumbuka. Haya si ya hiari tena. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zinamtaka kila mtumaji awe na angalau SPF au DKIM, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail awe na zote tatu. Ofisi ya forodha haifikii namba hiyo hata kwa mwezi, lakini anayeweka zote tatu tangu siku ya kwanza hujiondolea maswali mengi.

Na hata ukiyakamilisha yote, bado wewe ni mgeni. Viraka hivi huthibitisha kwamba wewe ndiwe unayesema kuwa ndiwe. Havithibitishi kwamba una heshima. Kampuni kubwa hujenga sifa ya anwani na ya kikoa kidogo kidogo kwa kutazama kama watu wanafungua barua zako, wanazijibu, au wanazibandika alama ya taka. Kwa sababu hiyo tuliianza seva ile kwa barua chache kwa wateja wanaofahamiana na ofisi kwa simu, tukiwaomba waziondoe kwenye taka na kuzijibu, badala ya kuzindua kwa tangazo la watu wote waliomo kitabuni.

Swali ambalo mwenye ofisi aliliuliza kwa wasiwasi mkubwa zaidi lilikuwa jingine: umeme ukikatika, au intaneti ikipotea, barua za wateja zitakwenda wapi? Ni swali la haki katika mji huu. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini iliteremsha nanga na kuukata waya wa TEAMS. Jibu ni kwamba barua pepe ilibuniwa kwa mitandao inayokatika. Seva ya mtumaji ikiikosa yako haiitupi barua, bali huiweka foleni na kurudi tena baadaye. Postfix, isipobadilishiwa mipangilio, huanza kujaribu tena baada ya dakika chache, kisha hurefusha nafasi hadi kufikia saa moja na ushei, na haikati tamaa mpaka siku tano zipite. Umeme ukirudi, barua huingia kwa mfululizo.

Kinachopoteza barua ni seva iliyo hai lakini imepangwa vibaya. Majibu ya SMTP huwa na tarakimu tatu, na ile ya kwanza ndiyo inayoamua: jibu linaloanza na 4 humwambia mtumaji arudi baadaye, na linaloanza na 5 humwambia asirudi. Ukikosea tahajia ya jina la kikasha katika orodha yako, seva itamjibu mteja wa Kampala kwa 5 pasipo kusita, na barua yake itarudishwa papo hapo. Kwa ajili hiyo Postfix ina swichi iitwayo soft_bounce, ambayo ikiwashwa hugeuza kila 5 kuwa 4, ili makosa ya wiki ya kwanza yasahihishwe barua zikiwa bado kwenye foleni. Niliiwasha, na sikuizima mpaka karani wa ofisi aliposema kwamba barua zote anazozitegemea zimeingia. Kosa nililolikuta katika siku hizo, jina la kikasha cha mhasibu lililoandikwa bila herufi moja, lingekuwa limezirudisha ankara tatu.

Mwishowe tuligawanya kazi. Kupokea na kuhifadhi barua tuliviacha kwenye seva yao wenyewe, kwa kuwa huko hakuna anayewatilia shaka na nyaraka za wateja zinabaki chini ya ufunguo wao. Kutuma kwenda kwa mpokeaji mmoja mkubwa aliyeendelea kuwa mkaidi tulikupitisha kwa kampuni inayofanya biashara ya kusafirisha barua kwa anwani zenye sifa njema, huku sahihi ya DKIM ikiwa bado ni ya kikoa cha ofisi. Ni mstari mmoja tu katika faili ya Postfix ya njia za usafirishaji, na ukitaka kurudi nyuma unaufuta.