Eti usipokula nyama damu inaisha?

Juzi pale soko la Majengo nimemsikia mama mmoja anamwambia binti yake eti ukiacha nyama damu inakauka, rudi kwenye maini haraka. Jamani hapana. Madini ya chuma, yale mwili unayotumia kutengeneza damu, yapo kwenye kunde, choroko, dengu, mbegu za maboga, hata uwele wetu huu wa kusongea ugali, ishu ni kwamba chuma cha mimea mwili unakinyonya kwa tabu kuliko cha nyama, kwa hiyo kinataka kusaidiwa, na msaada wenyewe ni vitamini C. Na hapa Dodoma tuna ubuyu bwana! Koroga unga wake kwenye maji ya baridi (usichemshe, moto unaharibu vitamini C), kunywa na kunde zako, au kamulia ndimu kwenye mboga ukishaipua. Anayekukwamisha kweli ni chai, ile ya rangi tunayoshushia msosi, inazuia chuma kisinyonywe vizuri, isubirishe kama lisaa limoja hivi. Ila ukiona unachoka hovyo, kizunguzungu, au una mimba, nenda kapime wingi wa damu, na vidonge vya kliniki usiviache kisa ubuyu.