Shefu na mpishi: cheo kinachogawiwa ovyo hotelini Kigoma

Kigoma siku hizi karibu kila anayeshika mwiko hotelini anaitwa shefu. Kwa utani haina neno. Shida huanza mwenye hoteli anapomvisha mpishi hodari cheo hicho, kisha akashangaa mbona wateja wapo na faida haionekani.

Dhana: Shefu ni yule anayepika vizuri kuliko wenzake.

Si lazima. Ujiji wapo wapishi ambao kwa kuhe, samaki wa Ziwa Tanganyika, aliyepikwa kwa mawese, hakuna shefu wa kuwagusa. Shefu ni mkuu wa jiko: anapanga menyu, anaagiza bidhaa, anagawa zamu, na sahani ikirudishwa anaulizwa yeye. Zaidi ya yote anapiga hesabu. Tuseme kuhe mzima kanunuliwa shilingi 12,000 kwa kilo. Toa magamba, matumbo, kichwa na mifupa, minofu inabaki karibu nusu. Kilo ya minofu basi ni 24,000, na ukimpakulia mteja gramu 250 kwa sahani ya 10,000, samaki peke yake kashakula 6,000. Bado mafuta, mkaa na mishahara.

Halafu kuna mwezi. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mbalamwezi ikiwaka samaki huadimika na bei hupanda. Shefu anayelijua ziwa hapokei oda ya harusi wiki hiyo kabla hajajaza friza. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Miezi mitatu hiyo haivukwi kwa ufundi wa kukaanga.

Dhana: Ushefu ni cheti.

Chuo kinasaidia sana, hasa kwenye usafi na hesabu. Lakini Auguste Escoffier, Mfaransa aliyeliongoza jiko la hoteli ya Savoy, London, kuanzia 1890, aliingia kazini na miaka 13 kwenye mgahawa wa ndugu wa baba yake. Ngazi alizozipanga, yaani shefu mkuu, msaidizi wake, wakuu wa vitengo kama sosi na samaki, kisha wapishi, ndizo hoteli kubwa bado zinazifuata.

Dhana: Mpishi ni shefu aliyeshindwa.

Upuuzi mtupu. Wengi wanakitaka chungu, hawataki karatasi za stoo wala kugombana na wauza samaki alfajiri. Ukimpandisha cheo mtu wa namna hiyo kwa nguvu, umepoteza mpishi na shefu hujampata.