Mchango wa mshikamano ni nini? Hesabu ya bei ya Cavani

Mwaka 2013 PSG ya Ufaransa walimnunua straika wa Uruguay, Edinson Cavani, kutoka Napoli ya Italia kwa takribani euro milioni 64. Si zote zilizokuwa za Napoli. Kwa kanuni za FIFA, asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea mchezaji. Hapo ni euro milioni 3.2, na makato hayo ndiyo yanayoitwa mchango wa mshikamano.

Mgawo hufuata umri. Kila mwaka wa malezi kuanzia umri wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kuanzia umri wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Mchezaji akihama katikati ya mwaka, klabu hulipwa kwa muda aliokaa tu.

Cavani alikulia Danubio ya Montevideo, akaondoka Januari 2007 kwenda Palermo. Tuchukue miaka minne tu, ya umri wa 16 hadi 19: asilimia 0.5 mara nne ni 2, yaani euro 1,280,000 kwa ile bei ya PSG. Miaka ya utotoni aliyokuwa hapo inaongeza kidogo juu yake. Palermo nao wana fungu lao, maana walikuwa naye hadi 2010. Wengi hudhani haki hii hufa mchezaji akitimiza miaka 23. Umri huo ni mwisho wa kuhesabu malezi. Malipo yenyewe humfuata hadi uzeeni, mradi auzwe akiwa ndani ya mkataba.

Isichanganywe na fidia ya mafunzo, inayolipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na anapohama kimataifa hadi mwisho wa mwaka wa kalenda anaofikisha miaka 23. Wala si asilimia ya mauzo ya baadaye. Hiyo ni makubaliano ya klabu mbili kwenye mkataba wao.

Cavani alipotoka Palermo kwenda Napoli mwaka 2010, Danubio hawakuwa na dai, kwa kuwa klabu zote mbili ni za Italia na kanuni ya wakati huo iligusa uhamisho wa kimataifa pekee. Tangu Julai 2020 uhamisho wa ndani nao unahesabika, ikiwa klabu iliyomlea iko chini ya shirikisho la nchi nyingine.

Kinachoziponza klabu ndogo ni makaratasi. Malipo hufuata pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu alizosajiliwa, na kijana aliyecheza misimu mitatu bila usajili wa shirikisho huonekana kama hakuwahi kuwapo. Tangu Novemba 2022 fedha hupitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo nayo husoma rekodi hizohizo.

Halafu kuna mchezaji huru. Oktoba 2020 Cavani alijiunga na Manchester United bila ada, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri.