Tangi la kuchongea bodi: hewa kwanza, kemikali baadaye

Fundi wa bodi za saketi, zile zinazobeba vipuri vya elektroniki, akija karakana kwangu, swali la kwanza ni kemikali ya kula shaba isiyotakiwa nimeikoroga kali kiasi gani. Mimi humwonyesha tangi. Kemikali yenyewe ni feriki kloraidi. Hiyohiyo ukiimwaga kwenye trei na kulaza bodi, hula shaba polepole na kwa mabaka, maana kemikali iliyokwisha nguvu hubaki palepale juu ya shaba. Simamisha bodi, puliza hewa kutoka chini, na mapovu yatapanda pande zote mbili yakiiondoa na kuleta mpya. Haraka hii ina faida: shaba ya bodi za kawaida ina unene wa mikromita 35 tu, na ikikawia ndani huanza kuliwa ubavuni, chini ya wino unaokinga shaba ya kubaki, hadi njia nyembamba za umeme zikatike.

Tangi langu ni la kioo cha milimita 5: ndani lina upana wa sentimita 20, kimo 25, na nafasi ya 3 tu kati ya kioo cha mbele na cha nyuma. Likijazwa hadi sentimita 20 linabeba lita 1.2. Gundi ni silikoni ya matangi ya samaki. Iache ikauke siku nzima, kisha jaribu kwa maji matupu. Chuma cha aina yoyote kisiguse humo, hata kile kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu.

Mpira wa kupitisha hewa kutoka kwenye pampu nimeuziba mwisho, nikautoboa kwa sindano, nikaulaza sakafuni mwa tangi. Pampu ya samaki iko kwenye rafu, juu ya tangi. Usiiweke mezani kando yake! Stima ikipotea, na mtaani kwetu haipigi hodi, kemikali hurudi mpirani na kushuka hadi kwenye pampu. Funika tangi pia, uache upenyo mdogo. Mapovu hurusha matone yanayokula koleo na bisibisi zilizo karibu.

Hita situmii. Hata baridi ya Julai, beseni la maji moto chini ya tangi hufikisha nyuzi 40, zinatosha.

Feriki iliyochoka usiimwage sinki, shaba yake ni sumu kwa viumbe vya mtoni. Iweke kwenye ndoo kubwa, ongeza magadi kidogokidogo kwa sababu itafura povu, mpaka ikome. Tope litakalotuama likaushe, lifungie kwenye chupa ya plastiki yenye lebo, uwape wakusanyaji wa taka hatari wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.