Plagini ya Moodle imegoma kusasishwa? Usianze kwa kufuta folda

Simu nyingi ninazopigiwa muhula unapoanza zinafanana. Mtu wa TEHAMA wa chuo fulani ameona taarifa kwamba plagini ya Moodle (kipande cha programu kinachoongezwa kwenye mfumo huo wa masomo ya mtandaoni) ina toleo jipya, amebonyeza kitufe cha kusasisha, na sasa ukurasa ni mweupe pe, au tovuti inang'ang'ania kusema iko kwenye matengenezo. Nikiuliza alifanya nini baada ya hapo, jibu ni lile lile: "Niliifuta ile folda, fundi, nikaweka upya." Kumbe hitilafu yenyewe ilikuwa ya dakika chache. Kufuta folda ndiko kulikoifanya iwe ya siku nzima.

Natunza Moodle za vyuo kadhaa hapa Kigoma mjini na upande wa Kasulu. Nyingine ziko kwenye hostingi ya kulipia yenye cPanel (paneli ya kuiendeshea kwenye kivinjari), nyingine kwenye seva iliyokaa ofisini pembeni ya mashine ya fotokopi. Moodle si kitu kipya. Toleo la 1.0 lilitoka Agosti 2002, na imejengwa kwa vipande vipande: jaribio ni plagini, mwonekano wa kurasa ni plagini, hata njia ya kuingia kwa nywila ni plagini. Kwa hiyo nitakayoyasema kuhusu plagini moja yanazihusu karibu zote.

Chukua mod_attendance, ile ya mahudhurio. Walimu wanaipenda kwa sababu mwanafunzi asipotimiza mahudhurio mtihani unamponyoka, na karatasi za kusaini hupotea. Moodle inaifahamu plagini hii kupitia sehemu tatu. Kwenye diski kuna folda ya mod/attendance, na ndani yake faili la version.php lenye namba ya tarakimu 10: mwaka, mwezi, siku, halafu tarakimu 2 za nyongeza. Kwenye kanzidata kuna jedwali la mdl_config_plugins, ambamo mstari mmoja unasema mod_attendance iliyosajiliwa ni ya namba fulani. Tatu ni kashe, kumbukumbu ya muda inayokaa ndani ya moodledata, folda ya data ya Moodle, ili Moodle isilazimike kupekua folda zote kila mtu anapofungua ukurasa. Ni kama pale Kibirizi maboti yanaposhusha: kuna mzigo wenyewe, kuna daftari la kupokelea, na kuna karani anayekujibu kwa kichwa bila kufungua daftari. Vitatu visipokubaliana, mwenye mzigo atahangaika.

Na Moodle haina hila katika kulinganisha. Namba ya diski ikiwa kubwa kuliko ya kanzidata, inataka kusasisha. Zikilingana, inakaa kimya. Ya diski ikiwa ndogo, inakataa katakata, kwa sababu hairuhusu plagini kurudi nyuma. Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa moja: diski inasema ngapi, kanzidata inasema ngapi? Fungua version.php, kisha tafuta mstari wa plagini hiyo kwenye mdl_config_plugins kwa kutumia phpMyAdmin, chombo cha kutazamia kanzidata kwenye kivinjari. Ziandike namba zote mbili mahali. Mpaka hapo hujagusa kitu, na mara nyingi umeshajua tatizo liko wapi.

Kesi inayonipa kazi kuliko zote ni ya kanzidata kubaki katikati. Mabadiliko ya majedwali huandikwa hatua kwa hatua ndani ya faili la db/upgrade.php la plagini, na kila hatua ikikamilika, namba yake huandikwa kwenye mdl_config_plugins. Usasishaji ukikatika, hauanzi mwanzo tena. Unaendelea kutoka hatua ya mwisho iliyoandikwa. Ni mpango mzuri, nauheshimu. Udhaifu wake uko kwenye upenyo mdogo kati ya safu (kolamu) kuongezwa kwenye jedwali na namba kuandikwa. Kwenye MySQL na MariaDB, programu za kanzidata ambazo ndizo tunazozikuta kwenye hostingi za bei nafuu, badiliko la muundo wa jedwali likishafanyika limefanyika, halirudishwi nyuma. Seva ikizimika hapo hapo, safu ipo lakini namba haipo. Ukirudia kusasisha, Moodle inajaribu kuongeza safu ile ile na kanzidata inagoma, inasema jina hilo limeshatumika.

Mwandishi makini wa plagini huweka sharti kwanza: angalia kama safu ipo, kama haipo ndipo uiongeze. Si wote walio makini.

Ukikutana na hali hiyo, ujumbe wa hitilafu utakutajia jedwali na safu. Fungua db/upgrade.php, itafute safu hiyo, na usome hatua nzima uone ilikuwa inafanya nini kingine. Kama kazi yake ilikuwa kuongeza safu hiyo moja tu, na safu bado ni tupu, mimi huchukua nakala ya kanzidata, naiondoa safu kwa mkono, kisha naendesha usasishaji upya ili Moodle yenyewe iiongeze na kuandika namba yake. Wengi hushauriana njia ya mkato: ingia kwenye mdl_config_plugins, pandisha namba, ujumbe upotee. Siipendi. Ujumbe unapotea kweli, lakini hatua zilizorukwa hazijafanyika, na utakuja kuzikumbuka mwalimu atakapofungua ripoti ya mahudhurio akakuta jedwali linakosa kitu. Vivyo hivyo kwa yule aliyekataliwa kurudi nyuma, halafu akabadilisha namba ndani ya version.php ili ionekane kubwa. Majedwali yameshasonga mbele na msimbo ni wa zamani. Tafuta toleo lile lile lililokuwepo au jipya zaidi; kama kweli unataka la zamani, rudisha na nakala ya kanzidata ya wakati huo, vyote kwa pamoja.

Tovuti inayosema tu kwamba inasasishwa, ujaribu tena baadaye, ni kesi nyepesi kuliko inavyotisha. Usasishaji ulipoanza, Moodle iliandika kwenye jedwali la mdl_config kitu kinachoitwa upgraderunning ili watu wawili wasisasishe kwa wakati mmoja. Kazi ikifa vibaya, alama hiyo inaweza kubaki. Subiri kwanza. Hakikisha hakuna mchakato wowote unaoendelea kwenye seva, kisha iondoe kwa amri hii:

php admin/cli/cfg.php --name=upgraderunning --unset

Halafu safisha kashe kwa php admin/cli/purge_caches.php. Usiiondoe alama hiyo wakati usasishaji bado unatembea kwa sababu tu umechoka kusubiri. Plagini yenye jedwali kubwa inaweza kuchukua muda kwenye seva ndogo, na ukimya wake si kifo.

Hapo ndipo ninapowasihi wenzangu waache kusasishia kwenye kivinjari wakati mtandao unayumba. Kama una njia ya kuingia kwenye seva kwa SSH, tumia php admin/cli/upgrade.php. Lakini SSH yenyewe juu ya bando la simu nayo ni mtego: laini ikikatika, amri uliyoianzisha inaweza kufa nayo. Anzisha tmux au screen kwanza, uendeshe amri humo ndani. Mtandao ukikatika, kazi inaendelea huko huko kwenye seva, na ukirudi unaikuta. Seva ya ofisini nayo iwe na UPS inayobeba walau muda wa kuizima kwa utaratibu. Najua wahasibu wanapouona mstari huo kwenye bajeti wanaanza kuuliza kama betri ya kompyuta mpakato haitoshi.

Tukija kwenye diski, makosa ni ya kawaida na yanajirudia. Ukipakua plagini kutoka GitHub, tovuti ambako waandishi huhifadhi msimbo, folda ndani ya zipu huwa na jina refu, mfano moodle-mod_attendance-main. Moodle inataka attendance tu, maana jina la folda lazima lilingane na jina lililotangazwa ndani ya version.php. Kwenye cPanel, zipu ikifunguliwa ndani ya folda iliyotengenezwa tayari, unapata attendance ndani ya attendance, na Moodle inaona ya nje ambayo haina version.php. Zipu iliyopakiwa kwa mtandao wa kusuasua huweza kufika nusu. Linganisha ukubwa wake na wa zipu iliyo kwenye kompyuta yako kabla ya kuifungua.

Kuna hili pia ambalo watu hawalitarajii. Unataka kuhifadhi folda ya zamani ya plagini, unaibadilisha jina kutoka completion_progress kuwa completion_progress_old, lakini unaiacha pale pale ndani ya blocks. Moodle hupekua kila folda iliyomo humo. Inakuta plagini ya pili inayodai jina la ya kwanza, inalalamika kwamba plagini imewekwa mahali pasipo pake. Ihamishe nje kabisa ya Moodle. Na usimwage mafaili mapya juu ya yale ya zamani, kwa sababu mafaili yaliyoondolewa kwenye toleo jipya yatabaki na mengine bado yatasomwa. Ya zamani itoke yote, mpya iingie yote. Kuihamisha hivyo hakugusi kanzidata, mradi hapo katikati hakuna anayekwenda kubonyeza kitufe cha kuondoa plagini.

Kitufe hicho nakitenga kwa makusudi. Kuondoa plagini kupitia ukurasa wa usimamizi kunafuta na majedwali yake. Kwa mod_attendance hiyo ni rekodi yote ya nani alihudhuria lini, na ukiiweka upya inarudi tupu. Plagini ya mwonekano ukiiondoa unapoteza mipangilio ya rangi na nembo, unanung'unika, unaipanga tena. Ya mahudhurio au ya vyeti, kama mod_customcert, ni habari nyingine kabisa. Mwalimu wa taaluma hatakuelewa, na atakuwa sahihi.

Ruhusa za mafaili: folda 755, mafaili 644, na mtumiaji wa seva ya wavuti aweze kuyasoma. Ukinakili kama root (mtumiaji mkuu) kwenye seva ya Ubuntu bila kuangalia, www-data, yaani huyo mtumiaji wa seva ya wavuti, anaweza kushindwa kuyasoma na plagini ikaonekana kama haipo kwenye diski. Ukurasa wa kusakinisha plagini kupitia kivinjari nao hukataa kama seva ya wavuti haiwezi kuandika kwenye folda ya msimbo. Huo si ubovu. Ni ulinzi, na kwenye seva ninazozisimamia mwenyewe nauacha hivyo.

Kashe haina mengi. Kama namba mbili zinalingana lakini tovuti bado inatenda kizamani, isafishe, kisha uwashe upya PHP-FPM, huduma inayoendesha msimbo wa PHP (lugha iliyoandikiwa Moodle), maana OPcache, kashe ya PHP yenyewe, inaweza kuwa bado imeshika msimbo wa jana.

Ukurasa mweupe usio na neno hata moja unahitaji kusemeshwa. Ndani ya config.php, kabla ya mstari unaoita lib/setup.php, weka $CFG->debug = E_ALL; na $CFG->debugdisplay = 1; kisha ufungue tena. Ukishasoma, viondoe, wanafunzi hawana haja ya kuona njia za mafaili yako. Mara nyingi utakachokuta ni toleo la PHP. Moodle 4.1 ilikuwa inakubali PHP 7.4, 4.5 inataka 8.1 kwenda juu, na 5.0 inataka 8.2. Plagini iliyoandikwa zamani inaweza kuanguka kwenye PHP mpya hata kama Moodle yenyewe iko salama, na plagini mpya inaweza kudai Moodle mpya kuliko uliyonayo. Hilo limeandikwa kwenye version.php, mstari wa requires. Kwenye cPanel kuna kichekesho cha ziada: PHP ya wavuti na PHP ya amri zinaweza kuwa matoleo mawili tofauti. Andika php -v, ulinganishe na inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa mazingira wa Moodle. Moodle ikiwa juu ya PHP 8 pia inadai max_input_vars, mpangilio wa PHP, ifike 5000, na hostingi nyingi huiacha kwenye 1000.

Wanaojiandaa kuhamia matoleo ya karibuni wakae na haya mawili. Moodle 5.0 ya mwaka 2025 iliondoa mod_chat na mod_survey kwenye kifurushi chake, pamoja na kihariri cha Atto. Chuo kilichokuwa kinazitumia, baada ya kusasisha kitaziona zimeorodheshwa kama plagini zisizokuwepo kwenye diski, na mkono utawasha kubonyeza kitufe kile kile cha kuondoa. Kama mazungumzo ya darasa au majibu ya dodoso yana thamani kwenu, pakueni plagini hizo peke yake, mziweke kabla ya kusasisha. Na kuanzia 5.1, folda kama mod na blocks zimehamia ndani ya folda inayoitwa public, na seva ya wavuti inatakiwa ielekezwe huko. Kwa hiyo mod/attendance sasa ni public/mod/attendance. Mtu akiniambia plagini haionekani kabisa kwenye 5.1, kwanza namwomba anitumie picha ya mahali alipoiweka.