Pumu: Mgonjwa Naye Aulizwe

Mgonjwa wa pumu anayetoka kwa daktari na inhela (kifaa cha kuvuta dawa kwa mdomo) mbili, ya bluu na ya kahawia, mara nyingi huishia kutumia moja. Ya bluu, yenye salbutamoli, hutanua njia za hewa ndani ya dakika chache na nafuu yake huonekana papo hapo. Ya kahawia, yenye beklometasoni, hupunguza uvimbe wa njia hizo polepole, kwa siku na hata wiki, hivyo asiyeelezwa huiona haina nguvu na kuisahau kabatini. Sisi watumishi wa afya humwita mkaidi, ilhali hatukumuuliza lolote.

Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, uliohusisha watu wazima 612 ambao pumu yao haikuwa imedhibitiwa, walioamua tiba pamoja na watoa huduma walizingatia dawa zao vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kuamua pamoja hakumpi mgonjwa ruhusa ya kuchagua lolote: tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hauwashauri watu wazima na vijana kutegemea inhela ya bluu peke yake, na daktari hana budi kulisema hilo waziwazi.

Tumchukue mama anayekaanga mihogo kwa jiko la mkaa kule Mbagala. Kumwambia aepuke moshi ni kumwambia aache riziki yake. Akiulizwa vizuri, atasema kwamba huamka usiku akikohoa, kwamba amesikia inhela "inazoesha", na kwamba fedha aliyonayo inatosha dawa moja tu. Hapo ndipo pa kuzungumza: hofu ya kuzoea iondolewe kwa maelezo, akae upande ambao upepo unatokea, ya kahawia iwekwe karibu na mswaki ili aivute asubuhi na jioni kisha asukutue mdomo, na waulizie kama ipo inhela moja inayobeba dawa zote mbili, na kwa bei gani.

Je, utaratibu huu utafikaje kwenye zahanati zetu za Dar es Salaam? Kwa maoni yangu, semina ya siku moja hotelini, anakohudhuria daktari peke yake, haitoshi (vyeti vyake tunavyo vingi). Mkufunzi aje kituoni, arudi tena na tena, na awafundishe wote. Karani wa mapokezi amkumbushe mgonjwa kuja na dawa zake zote. Muuguzi, wakati foleni ikisubiri, amwambie: "Hebu mama, nionyeshe unavyovuta." Hapo ataona wengi wanabonyeza inhela pumzi ikiwa imeshaingia yote, dawa ikabaki mdomoni. Asiyemudu chemba ya kupachika kati ya inhela na mdomo, inayosaidia dawa ifike mapafuni, atengenezewe kwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako tundu linaloikamata inhela barabara. Daktari atakuta nusu ya mazungumzo imekwisha, na kisingizio cha kukosa muda kitapungua.

Jambo moja likubaliwe mapema na kuandikwa kwenye kadi ya mgonjwa kwa Kiswahili chepesi: akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au inhela ya bluu isipomsaidia, hakuna tena majadiliano, na walio karibu naye wamkimbize hospitali huku wakiendelea kumpa dawa hiyo njiani.