Kusoma lugha ya mwili katika mazingaombwe ya kusoma mawazo

Mtazamaji ameitwa jukwaani. Ameficha sarafu katika ngumi moja, kisha akanyoosha mikono yote miwili mbele. Msanii anamtazama kimya, anamwuliza maneno mawili matatu, halafu anaigusa ngumi ya kushoto: "Imo humu." Na kweli imo. Akiulizwa amejuaje, anajibu kwamba mwili wa mtu huyo umemwambia.

Aina hii ya mazingaombwe huitwa mentalizimu. Humo msanii hatoi njiwa kwenye kofia, bali huonekana kuingia katika mawazo ya watu. Lugha ya mwili ni yale yote mtu anayoyasema bila kufungua mdomo, kwa macho, pumzi, mabega, miguu, hata namna anavyokunja vidole. Wasanii huitumia kwa namna mbili ambazo watazamaji huzichanganya kila siku: mara nyingine wanaisoma kwelikweli, na mara nyingine wanaisingizia tu huku siri ikiwa kwingine kabisa.

Usomaji wa kweli upo, na una historia ndefu. Katika miaka ya 1870 huko Marekani, John Randall Brown alijipatia sifa kwa kutafuta vitu vilivyofichwa, na baadaye Washington Irving Bishop akauvumisha mchezo huohuo. Mtu huficha pini popote anapotaka. Msanii hufungwa kitambaa machoni, hugusana mkono na aliyeificha, kisha huzunguka naye ukumbini hadi aipate. Mwenye siri hatamki neno, lakini mkono wake hautulii. Wakielekea kubaya unakaza kidogo, wakielekea kuzuri unalegea na kufuata. Kazi hii huitwa kusoma misuli.

Chanzo chake kilipewa jina mwaka 1852 na William Carpenter, mwanafiziolojia wa Uingereza: athari ya aidiomota. Wazo likishika akilini, misuli huanza kulitenda kidogokidogo bila mwenyewe kujua. Unaweza kulihakikisha sasa hivi. Funga pete kwenye uzi, shika uzi kwa vidole viwili, kisha fikiria tu kwamba pete inazunguka. Itaanza kuzunguka, nawe utaapa kwamba hukuigusa.

Lakini mfano unaonigusa zaidi ni wa farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Berlin, farasi wa Wilhelm von Osten, aliyeitwa Hans, alijibu maswali ya hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alichapisha matokeo ya uchunguzi wake. Hans alishindwa karibu kila alipoulizwa na mtu asiyejua jibu, au asipoweza kumwona muulizaji. Alichokuwa akisoma ni watu. Muulizaji aliinama kidogo kungoja, na hesabu ilipotimia kichwa chake kikainuka kiasi cha kuonekana kwa shida, basi farasi akaacha kugonga. Na muulizaji hakujua kuwa amefanya lolote.

Turudi kwenye ngumi. Anayeisoma kwa haki hatafuti alama moja yenye maana kwa watu wote. Anamlinganisha mtu na mtu huyohuyo. Kwanza humwuliza mambo yasiyo na siri ili aone anavyokaa akiwa ametulia, kisha hutazama kinachobadilika. Pua ikielekea upande mmoja, au ngumi moja ikibanwa kuliko mwenzake, hapo pana neno. Hata hivyo ngumi ni mbili tu, na hata anayebahatisha atapata nusu ya mara zote, kwa hiyo kupatia mara moja si ushahidi wa chochote.

Hapo ndipo usingiziaji unapoingia. Onyesho la kulipiwa haliwezi kutegemea bahati, na binadamu si wasomaji hodari kama tunavyojidhani. Uchambuzi mkubwa wa wanasaikolojia Charles Bond na Bella DePaulo, uliotoka mwaka 2006, ulikuta kwamba watu hutambua ukweli na uongo kwa usahihi wa takriban asilimia 54, juu kidogo tu ya kurusha shilingi. Na ile imani kwamba anayetazama juu upande fulani anadanganya ilipimwa na mwanasaikolojia Richard Wiseman na wenzake mwaka 2012, wala haikuonekana kuwa na msingi.

Kwa hiyo msanii anaposema "ulipepesa jicho nilipotaja kopa," huenda alikwisha kuijua karata hiyo kabla hajainua macho. Huenda aliichungulia, au alimwongoza mtu aichukue huku akidhani amechagua mwenyewe. Maelezo ya lugha ya mwili ni vazi la kufunika mbinu. Mimi silioni kuwa kosa ndani ya ukumbi, maana mtu amelipa ili ashangazwe. Ninachokiogopa ni mtazamaji anayetoka pale akiamini amefundishwa kumbaini mwongo, kisha akaenda kumhukumu mwenzi wake kwa sababu ya jicho lililopepesa.

Matumizi yasiyotajwa sana ndiyo ninayoyaheshimu zaidi. Kabla ya kumwita yeyote, msanii hupitisha macho ukumbini: nani ameinama mbele kwa shauku, nani amejikunja na hataki kuonekana, nani anatafuta nafasi ya kuharibu mchezo. Uchaguzi huo huamua nusu ya onyesho. Na mwili wake mwenyewe nao unasema. Akitazama mkono wake, ukumbi mzima huutazama. Akimaliza tukio, akashusha mabega na kutabasamu, watu hupumua na umakini wao hulegea pamoja naye. Ni katika pumzi hiyo ndipo mkono mwingine hufanya kazi ambayo hakuna atakayeikumbuka.